Kobe Aliyekaa Eda

Mtu akimwona kobe wetu kwa mara ya kwanza, huuliza kama tulimpaka rangi. Swali hilo limenichosha. Nani mwenye akili zake atakaa kitako apake kobe rangi? Lakini namwelewa muulizaji, maana gamba la kobe huyu lina kitu ambacho sijakiona kwa kobe mwingine. Gamba lenyewe limeungwa kwa vipande kama vigae vya paa. Katikati ya kila kigae mna manjano yenye madoa meusi, kama walivyo wenzake wa mashambani. Kisha manjano hayo yanakatika ghafla, unakuja mkanda mpana wa rangi ya nta, hauna doa hata moja, umekizunguka kigae chote. Nje ya mkanda huo manjano yanarudi tena na madoa yake, mpaka ukingoni. Vigae vyote viko hivyo. Mimi najua mkanda huo ulitoka wapi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani wakati unaota.

Kwetu ni Likoni. Baba alikuwa karani katika ghala moja la Changamwe, kwa hiyo siku za kazi alivuka feri asubuhi na kurudi magharibi. Jumapili alikwenda Shika Adabu, kwenye shamba la kwao, kwani alikuwa Mdigo wa wakulima hasa, na kiti cha ofisini hakikuweza kumtoa jembe mkononi. Mama alitoka Kisauni, katika jamaa ya watu wa zamani wanaojua nani ni mtoto wa nani, wanaosema Kiswahili chao taratibu na hawapendi kuharakishwa. Mama hakuwahi kushika jembe. Baba alimtania kwamba ameoa mwanamke asiyejua mhogo unatoka juu ya mti au chini ya ardhi. Mama akamjibu kwamba anajua vizuri sana, unatoka sokoni.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kideri kiliingia kwa kuku wa mama. Kwa kina baba iliaminika kwamba kobe akiishi na kuku, ugonjwa hauingii bandani. Basi Jumapili moja baba akarudi na kapu, na ndani ya kapu mna kobe aliyemkuta kwenye matuta ya mhogo, mdogo bado, anaenea kwenye sahani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kuku walikufa vilevile, wote, hata yule jogoo mwenye kiburi aliyekuwa akinikimbiza mimi. Kobe akabaki, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba alikuja kwa kazi.

Mwaka huohuo mimi nilirudi nyumbani na sanduku langu, nimeachika. Sitaki kumsema aliyeniacha. Yeye ana yake na mimi nina yangu. Nilirudi na hasira nyingi na usingizi mchache, ndiyo maana asubuhi nilikuwa uani mapema, nachota maji kisimani, na ndiyo maana niliyaona nitakayoyaeleza. Uani kwetu jua liligonga kwanza karibu na kisima. Baba aliweka hapo kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ambacho chuma chake kilikuwa kimeng'oka, akakikalia na kikombe chake cha chai. Kobe alitoka chini ya jiwe la kufulia, akatembea polepole mpaka kwenye kile kipande cha jua, akanyoosha shingo na miguu yote minne, akatulia.

Kivulini alikuwa kitu cha kupita bila kukiangalia, kama jiwe lenye tope. Juani alikuwa kobe mwingine kabisa. Kila kigae kilikuwa na doa la manjano katikati, manjano ya ndizi iliyoiva, na kutoka hapo mistari na madoa meusi yalishuka kila upande hadi ukingoni, hakuna kigae kilichofanana na mwenzake. Mimi si mtu wa wanyama. Lakini nilisimama na ndoo mkononi, maji yananimwagikia miguuni, naangalia mgongo wa kobe. Baba aliniona, akacheka.

"Huyu anakunywa jua," aliniambia. "Mimi nakunywa chai. Kila mtu na chake."

Asubuhi moja baba alimaliza chai yake, akampa kobe jani la kunde, akaniaga, akaenda zake feri. Mchana wakaja watu watatu aliokuwa akifanya nao kazi, wamevua kofia, na kabla hawajasema neno mama alikuwa amekwisha kukaa sakafuni. Baba alianguka ghalani, amesimama anazungumza. Hakuugua hata siku moja.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai nguo za maua, hajipaki wanja wala hina wala manukato, na haonani na wanaume wasio maharimu wake. Dini haikumkataza kukaa uani kwake mwenyewe akapata upepo. Lakini jirani yetu wa nyuma alikuwa anajenga ghorofa, na kutwa nzima mafundi walikuwa juu ya ukuta, wanaona kila kitu hadi ndani ya sufuria zetu. Nyanya, mamake mama, alikuja kutoka Kisauni kusimamia eda ya bintiye, na alipowaona wale mafundi alifunga mlango wa uani, akafunga na madirisha ya upande ule, akaongeza pazia. Chumba cha mama kikawa na giza la saa kumi na mbili jioni kutwa kucha.

Kobe alikuwa bado uani. Siku moja kipande cha tofali kikaporomoka kutoka kwenye ukuta wa jirani, kikaanguka hatua mbili kutoka alipokuwa ameota jua. Nilipiga kelele zangu kwa mafundi, wakaniomba radhi, nikamchukua kobe nikaingia naye ndani. Nilitaka kumweka jikoni mpaka jioni. Mama aliniita kutoka chumbani, nikaitika abee, nikaenda na kobe mikononi. Alimtazama muda mrefu.

"Mwate hapa," alisema. "Na yeye amefiwa. Atakaa eda na mimi."

Nyanya alitabasamu, na mimi nikatabasamu, maana tangu msiba, huo ndio uliokuwa mzaha wa kwanza kutoka kinywani mwa mama. Tulidhani ni mzaha. Kobe akapelekwa uvunguni mwa kitanda, juu ya gunia, na hakutoka tena chumbani mle.

Nyumba ya wafiwa haikosi chakula. Kila aliyekuja kumkalia mama alikuja na sinia au bakuli, na mama, ambaye hakuweza kumeza, alimpa kobe. Alikula wali wa nazi, alikula mkate wa mofa, alikula mahamri yaliyolowekwa kwenye chai ya maziwa. Akanenepa. Nyanya naye alimwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa amefifia, akaona dawa ya kitu kilichofifia ni ileile anayowapaka wajukuu zake. Basi kila Ijumaa alimpaka kobe mafuta ya nazi, akamsugua kwa kitambaa mpaka gamba likawa linateleza. Wageni walimtoa uvunguni wakamtazama kwenye mwanga wa taa, wakasema mashallah.

Huko ndiko tulikokosea sisi watu wa pwani, na sidhani kama wangekosea hivyo watu wa mahali pengine. Kwetu mwanamke akikosa jua husifiwa. Mama alizidi kuwa mweupe mwezi hadi mwezi, mishipa ya mikono ikaonekana, na kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Mashallah, umetakata. Eda imekupenda." Mimi nilikuwa nawaletea kahawa nikiwa nimeng'ata meno. Nilimwona mama akifika dirishani, akashika pazia, akaliacha. Nilimwona akishika ukuta kutoka kitandani hadi msalani. Na wao wanasema ametakata.

Siku moja nikifagia chumba nilimvuta kobe nikaona kati ya kigae na kigae mmeota mistari myeupe, kama mtu ameyeyusha mshumaa akaumimina kwenye nyufa. Wiki zilizofuata mistari ile ilipanuka ikawa mikanda. Nilimwonyesha nyanya. Alifurahi kweli, akapitisha kidole kwenye ule weupe na mafuta yake.

"Huoni?" aliniambia. "Na yeye yuwatakata."

Nilijua tu kwamba sikuipenda rangi ile. Baba alikuwa amemleta akiwa na manjano ya kumsimamisha mtu na ndoo yake, na sasa alikuwa anageuka rangi ya chumba kile.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, wakamwogesha mama, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi, wakamtia wanja. Nyanya akafungua mlango wa uani. Jengo la jirani lilikuwa limemalizika kitambo, hakuna fundi juu ya ukuta, hakuna mtu. Mama alifika kwenye kizingiti, jua likamgonga usoni, akaweka mkono machoni. Akasimama hapo kidogo. Kisha akageuka akarudi chumbani, akasema jua ni kali, atatoka kesho.

Kesho hakutoka. Wala kesho kutwa. Nyanya alirudi kwake Kisauni akiamini kwamba bintiye amepumzika tu. Wiki zikapita, mama yuko chumbani, pazia limeshushwa, kobe yuko uvunguni. Arusi zilipita hakwenda. Jirani alijifungua hakwenda. Nikimwuliza, ananiambia ndani kuna nini kibaya, nyumba ni yake, na jua linamtia kizunguzungu. Nilianza kuogopa. Nilikwisha kumzika baba, na sasa nilimwona mama akiondoka kidogo kidogo nami nikimpikia uji. Nilijua kwamba asipotoka karibuni hatatoka tena, atakuwa mmoja wa wale wanawake wanaotajwa mtaani kwa sauti ya chini, ambao watoto hawajui sura zao. Hilo ndilo lililoninyima raha mwaka ule, kuliko talaka yangu.

Ndipo akaja shangazi, dadake baba, kutoka Shika Adabu. Hakuwa amefika kwetu tangu arobaini kwa sababu ya goti lake. Aliingia na kikapu cha mhogo, nikamshika mkono, shikamoo, marahaba, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa wifi yake. Shangazi hana adabu za Kisauni. Alilivuta pazia kabla hajakaa. Mwanga ukaingia, na kobe, ambaye alikuwa amelala katikati ya chumba, akarudisha kichwa ndani.

Shangazi alimtazama. Alimchukua akamweka mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa gamba, akabonyeza. Kisha akaniita nami nibonyeze. Nilibonyeza palepale penye weupe, na gamba likabonyea, kama papai linaloanza kuiva. Nilitoa mkono haraka. Nilikuwa nadhani gamba la kobe ni jiwe, na kwamba likishakuwa gumu halilainiki tena.

Shangazi aliuliza anakaa wapi kutwa, anakula nini. Nilimweleza. Aliyasikiliza yote, mofa na mahamri na mafuta ya Ijumaa, akawa anatikisa kichwa.

"Huyu hakutakata," alisema. "Huyu ana njaa ya jua."

Alimgeukia mama akamwambia kwamba atarudi naye shambani leo hii, amwachie kwenye matuta alikotoka, la sivyo mvua za masika hazitamkuta. Mama alinyoosha mikono yake, ile mikono myeupe yenye mishipa, akamchukua kobe kutoka mapajani mwa wifi yake akamweka kwenye yake.

"Huyu simtoi, wifi," alisema. "Huyu ndiye aliyekaa na bwanangu asubuhi ya mwisho. Mimi nalikuwa nimelala."

Hapo nikajua kitu ambacho sikuwa nimekijua. Mama siku ile hakuamka kumuaga. Hakuna aliyemlaumu, hata yeye sidhani kama alijilaumu, lakini kobe alikuwepo na yeye hakuwepo. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, kwa sauti ya upole kuliko nilivyomzoea, kwamba basi abaki, lakini akae juani kila siku kuanzia jua linapofika kisimani mpaka lianze kuuma, na apewe nyasi na majani, hakuna wali. Tena asiachwe peke yake hata dakika moja, kwa sababu ya kunguru. Gamba likiwa laini namna ile, kunguru watamtoboa akiwa hai.

Kunguru wa Mombasa waliniudhi tangu utotoni. Huiba samaki, huiba nyama, huiba hata sabuni ya kufulia. Asubuhi iliyofuata nilimtoa kobe mwenyewe, nikamweka karibu na kisima, na sikuwa nimemaliza kuchota ndoo moja kabla kunguru wawili hawajatua. Mmoja aliruka hadi mgongoni mwake akadonoa palepale kwenye mkanda mweupe. Nilimtupia kata ya maji. Kobe hakuingiza hata kichwa. Alikuwa amelala tu kwenye jua kana kwamba hajui jua ni kitu gani. Nilipoinua macho nilimwona mama nyuma ya mlango, ameufungua kiasi cha upana wa kiganja, anatazama. Nilipomtazama aliufunga.

Nilikuwa nauza mahamri kwenye njia ya kushukia feri, na wateja wangu ni wa asubuhi, saa zilezile ambazo jua lilikuwa linafika kisimani. Ningeweza kuomba mtoto wa jirani aje alinde. Sikuomba. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mama na sinia langu kichwani, nikasema maneno niliyoyafikiri usiku kucha. Nilimwambia kwamba mimi nakwenda kazini, sitarudi mpaka sinia liishe, kobe nimemwacha uvunguni, na jua liko uani. Sikumwambia zaidi. Mama alikuwa ameupa mlango mgongo na hakugeuka.

Asubuhi ile niliuza vibaya. Nilitoa mahamri kwa mtu aliyetaka chai, nikamtukana kijana ambaye hakunifanya kitu. Jua lilipanda nikawa naliangalia kama saa ya ukutani. Niliwaza kwamba nimekosea, kwamba nikirudi nitamkuta kobe uvunguni na mama ameuelekea ukuta, na kwamba nikishaliona hilo sitakuwa na la kufanya tena. Nikaliacha sinia kwa mwenzangu likiwa bado na mahamri, nikaondoka.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Kwa miezi mingi sikuwa nimekiona kitanda kile bila mama, na nilishtuka kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Kisha nikaona sakafuni mna mstari mrefu wa mwanga, unatoka ukumbini, mahali ambapo mwanga haukuwa umefika tangu msiba. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Niliufuata.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha baba, kanga kichwani, macho ameyafinya, machozi yanamtoka kwa ukali wa jua. Mkononi alishika upawa, ule upawa wetu wa mchuzi, na kwa huo ndio alikuwa akifukuza kunguru. Miguu yake ilikuwa mbele yake kwenye mchanga, myeupe kama mhogo uliomenywa. Katikati ya miguu hiyo alikuwepo kobe, na kobe alikuwa amenyoosha mguu mmoja wa nyuma. Mmoja tu. Lakini ameunyoosha wote, mpaka kucha.

Nilichuchumaa palepale. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Kunguru mmoja alitua ukutani, mama akainua upawa, yule kunguru akaenda zake.

"Nalikuwa nakiogopa kibao hiki, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Nalijua nikitoka nitakiona kitupu." Akamsogeza kobe kwenye jua kwa mpini wa upawa. "Na nimekiona kitupu. Basi nikakaa."

Tangu siku hiyo alitoka kila asubuhi. Mwanzo hakuweza kukaa muda mrefu, alirudi ndani akishika ukuta. Baadaye alianza kunywa chai yake hapo. Tulimsugua kobe kwa kumbi la nazi na maji mpaka mafuta yote ya nyanya yakatoka, na shangazi alikuwa akituma nyasi na majani ya kunde kwa mtu yeyote anayekuja upande wetu. Kobe alinyoosha mguu wa pili, kisha yote minne. Siku niliyobonyeza ukingo wa gamba ukakataa kubonyea, nilimpigia kelele mama kutoka uani hadi jikoni.

Rangi ndiyo iliyotuweka tukingoja. Shangazi aliapa kwamba jua litayarudisha manjano, ule weupe utaiva kama tunda. Kila asubuhi mama aliinama, akautazama. Hauivi. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, mkanda uko vilevile, rangi ya nta. Mimi nilikata tamaa nikasema amekuwa kobe wa eda maisha yake yote, tumzoee. Mama aliendelea kuinama na kutazama, na kwa hilo nilimwona kaidi.

Mvua za masika zilikuja, na asubuhi moja baada ya mvua jua lilitoka kali, kobe amelowa. Mama aliniita. Nilipofika alichukua mkono wangu, akaweka kidole changu ukingoni mwa kigae kimoja, nje ya weupe, palepale kigae kinapokutana na mwenzake. Palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Ulikuwa wa manjano. Nilisogeza uso mpaka nikasikia harufu ya mchanga uliolowa mgongoni mwake, na ndani ya uzi ule niliona nukta nyeusi.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Nilitazama nukta zile, kisha nikatazama juu, ng'ambo ya mkanda mweupe, kwenye manjano ya zamani, ya siku za baba. Mistari myeusi ilikuwa imeshuka kutoka katikati ya kigae, ikafika kwenye weupe, ikakatika. Na nukta hizi mpya zilikuwa zimeanza palepale ambapo mistari ile ingefika kama isingekatika. Hakuna iliyopotea njia. Miezi yote ile gizani, kwenye mafuta na mahamri, alikuwa ameuhifadhi mchoro wake mahali nisipopajua, na jua liliporudi akauendeleza alipoachia. Nilisema subhanallah, na mama akasema subhanallah, tukakaa chini wote wawili kwenye mchanga wenye maji, nguo zikachafuka, hatukujali.

Weupe haukuondoka. Shangazi alikosea kwa hilo, na mpaka leo hajakubali. Kilichoota gizani kilibaki kama kilivyoota, na kilichoota juani kikawa na rangi ya jua, kimoja hakikugeuka kuwa kingine. Mikono ya mama ilirudi hudhurungi yake yote kabla mwaka haujaisha, na ungemwona sokoni anabishana bei ya samaki usingejua kwamba alikaa ndani. Ngozi yetu husahau haraka. Gamba lile halikusahau.

Miaka ya tisini ilimkuta kobe ni mkubwa, anajaza ungo, na mikanda yake imebaki katika kila kigae, kati ya manjano ya zamani na manjano mapya. Watoto wa kaka yangu walikuja kutoka Magongo siku za likizo, na mama aliwakalisha kisimani, akachukua kidole cha mmoja wao kama alivyochukua changu, akakipitisha juu ya gamba kutoka katikati kwenda nje.

"Hapa babu yenu alikuwa hai," aliwaambia. "Hapa nalikuwa ndani. Hapa nikatoka."

Watoto walitaka kurudia, kigae hiki na kile, na kila kigae kilisema vilevile.

Mama alifariki katika miaka hiyohiyo, kwa ugonjwa mfupi. Nyumba ikajaa, uani masufuria yamewekwa juu ya mafiga, watu wanapita, na mama mmoja wa heshima akaniambia nimtoe kobe hapo njiani, nimweke uvunguni mpaka shughuli ipungue. Alisema kwa nia njema. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. Nilichukua kile kibao na ule upawa, nikaketi kisimani katikati ya msiba wa mamangu, nikamlinda kobe na kunguru mpaka jua lilipoanza kuuma. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Watu walisema msiba umenizidi, na walisema kweli.

Mwaka ulipozunguka nilimgeuza kobe juani, nikatafuta gambani alama ya kifo cha mama. Nilianzia katikati, nikavuka kwa baba, nikavuka mkanda wa eda, nikafika kwenye ukingo mpya. Nilitazama kigae baada ya kigae nikitafuta mahali alipofia. Hapapo. Manjano yamepita moja kwa moja, hayakukatika, na asubuhi jua likifika kisimani natoka na kibao.